Buibui la Mwanabaraka

Kibokoni, Mombasa, Machi 1947

Kwa mume wangu Jaffar,

Salamu zetu zikufikie huko Aden. Firoza wa jirani katuletea achari ya maembe, nimekuwekea chupa.

Mwanao Mwanabaraka amepona ule moto wa jiko, ila shavu halijarudi lilivyokuwa. Alikataa kwenda shule mpaka nimshonee buibui, mtoto wa miaka minane! Nikamshonea huku nalia. Mwalimu wake hakumkemea. Alimwambia tu kuwa mwenye buibui ni mtu mzima, na watu wazima hawachezi rede uwanjani. Adhuhuri karudi mbio, uso wazi, jasho tele, buibui kalikumbatia kwapani.

Tulipokaa kula akaniuliza, "Baba akija atanijua?"

Nimemwambia utamjua tangu mbali. Njoo, bwana, usinifanye mwongo.

Mkeo anayekungoja,
Swabaha