Namba ya Marehemu kwenye Tovuti

Jumanne.

Ni kazi ya dakika moja. Nimemwambia asubiri mpaka Ijumaa.

Mama Neema anauza vitenge hapa Nateete. Mwaka jana nilimwonyesha mifumo miwili ya bure ya kutengenezea tovuti. WordPress aliielewa hapo hapo, akapandisha picha ya kitenge kwa simu yake, akacheka. Kicheko kile kiliniudhi. Angeniitia nini tena? Nikamwambia hiyo ni ya watoto, duka la maana linatumia Drupal, ule mfumo wa pili. Nilijua itamshinda.

Juzi alimzika mumewe. Tovuti bado inasema "Mpigie Papa Neema", na namba yake. Simu inalia matangani kutwa, wateja wanauliza bei kwa marehemu. Kuizima hawawezi, ndugu wa Bukavu wanapiga humo humo. Leo amekuja kuniomba niiondoe namba kwenye tovuti.

"Nimejaribu usiku mzima," amesema. "Unisamehe, fundi. Kichwa yangu haishike mambo ya mashine."

Kilishika siku ile ya WordPress, na aliyeona ni mimi peke yangu.

"Ni kweli, mama," nimemjibu. "Si kila mtu anaweza."