Kisahani cha Vidonge

Nyumbani,
Jumapili alasiri

Mdogo wangu mpendwa,

Nianze kwa kuomba radhi, jambo ambalo unajua si mazoea yangu. Barua yako ilinifikia zamani. Niliisoma, nikaikunja, nikaiweka chini ya redio, na kila nilipofuta vumbi niliinyanyua na kuirudisha palepale. Ungekuwa mtu baki ungenidai jibu. Kwa kuwa u ndugu yangu umenyamaza, na kunyamaza kwako kumeniuma zaidi.

U hali gani? Na mguu je? Umeacha kuvaa vile viatu vinavyokubana, au bado unangoja vipanuke? Natumaini paa limezibwa kabla ya mvua, na kwamba unakula chakula cha moto, si mkate na chai ya kusimama. Shikamoo uliyoituma nimeipokea, marahaba. Mimi ni mzima kiasi. Nasema kiasi kwa sababu nitakayoieleza, nawe uisome barua hii ukiwa umeketi, wala usirukie mwisho kama ulivyozoea tangu utoto.

Uliniandikia kwamba tangu wifi yangu atutoke, nyumba ya wazazi imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Kwamba chumba cha mama umekipaka chokaa upya. Na kwamba mjane kama mimi, mwenye ndugu, hana sababu ya kuzungumza na kuta, basi nihamie kwako. Nilikusudia kukujibu wiki ileile. Kabla sijanunua bahasha, nikaanguka.

Nilianguka jikoni asubuhi, birika mkononi. Jirani yangu mshona nguo, yule anayeimba kutwa kwa sauti mbaya, alisikia kishindo akaja mbio, na naambiwa alinikuta nikimwagiza apanguse maji kwanza. Hospitali wakanilaza. Walisema presha yangu ilikuwa imeshuka mno, jambo lililowashangaza, maana mimi ni mgonjwa wa presha ya kupanda. Wakanipunguzia dawa, na siku ya kutoka nikapewa mfuko wa karatasi pamoja na maelezo ya muuguzi aliyekuwa akiitwa na watu watatu kwa wakati mmoja. Niliitikia kila alichosema. Wewe unajua jinsi nilivyowakaripia wanafunzi walioitikia bila kuelewa.

Huku kwetu, hospitali ikimruhusu mgonjwa, humwarifu mfamasia wa mtaa wake ili amfuatilie nyumbani. Wa mtaa wetu ni kijana mrefu ambaye watu wamempa jina la Taratibu. Foleni ikifika barabarani na wateja wakianza kunung'unika, yeye huwaambia kwamba mwenye haraka aende akanunue soda duka la pili. Alinipigia simu, kisha akaja mwenyewe. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, nikampenda kwa hilo. Aliniita Bibi, nikamjulisha kwamba wenye ruhusa ya kuniita Bibi ni wajukuu zangu, na kwamba wengine wote huniita Mwalimu. Akasema sawa, Mwalimu, ila leo mkaguzi ni yeye, basi niweke mezani kila dawa iliyomo ndani ya nyumba, hata ya kikohozi, hata iliyopitwa na wakati.

Nikaziweka zangu zote. Alizitazama moja moja, akaniuliza ninameza ipi, lini, na baada ya kula au kabla. Ikaonekana kwamba kidonge cheupe nilichotoka nacho hospitali na kidonge cha njano nilichokuwa nacho nyumbani ni dawa ileile yenye majina mawili, nami nilikuwa nikivimeza vyote viwili kwa uaminifu mkubwa. Kile cha njano alikiondoa. Kwenye pakiti nyingine paliandikwa moja mara tatu. Nikamwambia kwamba kwa hesabu niliyofundishwa mimi, moja mara tatu ni tatu, na kwamba mgonjwa mwingine atameza vitatu kwa mkupuo akaenda zake akhera akiwa na hesabu sahihi. Alicheka mpaka akavua miwani. Nilimtaka aniandikie sentensi kamili yenye kitenzi. Akaandika, nami nikamwongezea mkato.

Tulidhani shida imekwisha. Haikwisha. Kizunguzungu kilirudi, asubuhi nyingine kipo, nyingine hakipo. Taratibu alipopiga simu nikamweleza hivyo. Kisha akasema kwamba dawa yangu haina siku za mapumziko, naimeza kila siku. Kama yenyewe ndiyo ingekuwa ikinizungusha, ingenizungusha kila siku. Akaja tena. Safari hii hakuomba chochote mezani. Alisimama tu karibu na dirisha, akaitazama chupa moja iliyokuwa kwenye rafu kando ya kisahani kisicho na kikombe, chupa ambayo kifuniko chake hakikuwa na vumbi. Akauliza ni ya nani. Nikamwambia ni ya marehemu mume wangu. Akauliza, kwa adabu kabisa, kama huwa naigusa. Nikasema hapana.

Akasema basi vema. Akaniarifu kwamba daktari anafikiria kunipunguzia tena dawa yangu, kwa kuwa haoni sababu nyingine ya kizunguzungu. Na kwamba kama sababu iko kwingine, presha itapanda bila kinga, na hapo hatutazungumzia kuanguka na birika bali kiharusi. Alivaa viatu vyake, akafunga kamba polepole sana, kama mtu anayenipa nafasi, akaenda.

Nimezunguka vya kutosha, ndugu yangu. Nitakueleza.

Unamkumbuka shemeji yako alivyokuwa, fundi saa, akikaa kwenye benchi lake dirishani na kile kioo chake jichoni. Tulipozeeka na kila mmoja kupewa dawa zake, tulitoleana. Mimi nilimtolea zake, yeye alinitolea zangu, katika kisahani kimoja chenye ukingo wa buluu ambacho kikombe chake kilivunjika siku nyingi. Alidai kwamba mtu husahau dawa zake lakini hawezi kusahau za mwenzake. Baada ya chakula cha jioni alikigonga kisahani kwa kijiko na kusema kengele imelia, Mwalimu, ingia darasani. Nami nilimjibu kwamba darasa langu halipokei wachelewaji. Ulikuwa upuuzi wa wazee wawili, na hatukuuacha hata jioni tulizokuwa tumenuniana. Ndiyo maana dawa zake nilizijua hata kwa vidole, gizani, na zangu mwenyewe sikuzijua.

Alipofariki alikuwa ametoka kuchukua za miezi mitatu. Siku za mwanzo mkono wangu ulizitoa kwa mazoea, nikazirudisha chupani. Ikaja jioni moja ya mvua, nikazitoa, nikakigonga kisahani kwa kijiko, na sikuweza kuzirudisha. Nikazimeza. Sikuchanganya dawa, mdogo wangu, wala macho hayakunidanganya. Nilijua ni zake. Kwa muda ule mfupi wa kumeza, palikuwa na mtu ambaye nimekwisha kumtunza na sasa anaweza kulala. Baada ya hapo nilifanya hivyo kila jioni iliponirefukia. Kuanguka kwangu kulitokana na hizo, maana nazo zilikuwa za kushusha presha. Asubuhi zote zile za kizunguzungu zilitokana na hizo.

Kesho yake baada ya ziara ile ya pili nilikwenda dukani kwa Taratibu, nikapanga foleni, na zamu yangu ilipofika nikamwomba tuongee pembeni. Nilimwambia kwamba nilimdanganya. Hakunikemea; ningependa angenikemea. Aliniuliza mara ya mwisho ilikuwa lini, akampigia daktari palepale, na dawa yangu haikupunguzwa. Vidonge vilivyobaki alivichukua vikateketezwe pamoja na vingine vilivyorudishwa. Chupa alinirudishia, na jina la shemeji yako bado limo kwenye karatasi yake. Alisema hiyo si dawa, haina madhara. Kisha akaniambia kwamba anaweza kunipigia simu kila wiki, lakini hawezi kuketi mezani kwangu jioni. Akaniuliza kama ninaye mtu wangu. Nikasema ninaye mdogo wangu, na barua yake iko chini ya redio.

Sasa kizunguzungu kimekwisha, na jioni ni ndefu kuliko zamani. Nikihama hapa, benchi la dirishani litatoka mlangoni likibebwa na watu wasiojua ni la nani, na sijui kama nitaweza kusimama nikaliangalia. Nikibaki, najua mkono wangu utaendelea kutafuta chupani kisichokuwamo. Kisahani nimekiosha, nimekifunga ndani ya kanga, lakini sijakitia sandukuni wala sijakirudisha rafuni.

Kabla sijaamua, nataka unijibu jambo moja. Una vidonge vyako vya sukari. Nani anakutolea? Usiniambie kwamba unavikumbuka mwenyewe. Hata mimi nilisema hivyo. Niandikie vina rangi gani, vina umbo gani, na unavimeza wakati gani, ili nianze kuvijua.

Nisalimie majirani wote wanaonikumbuka, na yule mzee kinyozi umwambie bado nina kumbukumbu ya alivyokunyoa vibaya siku ya harusi yangu. Nikishaamua nitakuandikia, na safari hii barua haitalala chini ya redio.

Dada yako akupendaye,
Mwalimu