Baba Mkwe Hashuki Ubaoni

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya wageni kufika mwisho wa mwezi, maana mambo yakienda vibaya nitapoteza ama ligi ama ndoa, na vyote viwili navipenda.

Mimi ni fundi wa majokofu, lakini jioni ni katibu wa ligi yetu ya snuka, ule mchezo wa kuzamisha mipira ya rangi kwenye mifuko ya meza kwa fimbo, tunachezea ghorofani juu ya duka la rangi, na kazi yangu ni kupanga nafasi za wachezaji, yaani mechi zikiisha napanda kwenye stuli, nachomoa vibao vya majina kwenye misumari na kuvitundika upya, aliyeshinda juu, aliyeshindwa chini, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuvigusa. Kibao cha juu kabisa ni cha baba mkwe wangu, dereva wa lori aliyestaafu, tunamwita Mzee Kona kwa sababu akiulenga mpira kwenye mfuko wa kona, hesabu umekwenda. Nusu yetu ametufundisha yeye kushika fimbo. Sasa mwaka jana alipotoka kufanyiwa upasuaji wa macho tukaona tumwachie mchezo mmoja wa kumkaribisha, huo mmoja ukazaa wa pili, na mpaka leo hakuna mwenye moyo wa kuwa wa kwanza kumfunga, tunakosa makusudi, tunasingizia chaki, tunasingizia feni, na mzee amebaki juu pale kama tangi la maji.

Hao wageni ni ligi jirani, na namba moja wetu lazima acheze na namba moja wao, kinyozi mmoja hana huruma hata chembe, kwa hiyo wenzangu wananiambia, "Katibu, mshushe tu kimyakimya, si una stuli?" Mke wangu akazipata habari, akaniambia huku anakunja nguo, bila hata kuniangalia, "Ukimshusha baba, umenishusha na mimi. Utajipikia."

Kilichonimaliza kabisa ni Jumamosi iliyopita, nilipocheza naye mwenyewe. Mpira wa rangi ya waridi ulikuwa umejibana ukingoni, mbali, akauzamisha huku anamsimulia mtu habari za breki za lori, kisha akashtuka kama aliyejikwaa. Ukabaki mweusi peke yake, mdomoni mwa mfuko, kuusukuma tu, na mzee akaukosa, nikajua macho yameharibika tena, nikaona haya, nami nikaukosa, akaukosa tena, nikaukosa tena, mpaka mhudumu akaja kuchungulia kama meza imeinama. Mwishowe nikautumbukiza mweupe, ule wa kupigia usiotakiwa kuingia, kwa bahati mbaya, mchezo ukaisha, akashinda yeye. Akaegemeza fimbo ukutani, akasema taratibu, "Na wewe pia, mkwe?" Akaenda zake bila kuaga. Sijui alimaanisha nini. Naumia sana, nampenda kama baba yangu mzazi. Nimshushe au nimwache aaibishwe na kinyozi?

Katibu wa Stuli

JIBU

Katibu, pole. Hiyo pole ni ya mzee na binti yake, yako itasubiri kidogo.

Umeandika barua ndefu na jibu umelikanyaga njiani bila kulitazama. Mtu anazamisha mpira wa mbali huku akipiga soga, halafu ulio mdomoni mwa mfuko unamshinda? Hayo si macho, mwanangu. Baba mkwe wako alikuwa anakosa makusudi kama wewe. Anajua siku nyingi kwamba mnamwachia, amechoka, na alikuwa anatafuta mtu wa kumfunga kwa heshima ili ashuke kwenye huo msumari. Akakuchagua wewe. Nawe ukatumbukiza mweupe.

Hao wenzako ni waoga. Wanataka mkono wako ufanye kazi ambayo fimbo zao zinaikwepa, halafu lawama ulale nazo wewe. Kibao usikiguse mpaka mtu amemfunga mezani, kama sheria yenu inavyotaka.

Kesho nenda kwa mzee na mkeo, ukae chini, useme bila kumung'unya maneno: "Baba, tumekuwa tukikuachia, na mimi nimo. Nisamehe. Naomba tucheze mchezo wa kweli." Mkeo amwangalie baba yake usoni ukisema hayo, nadhani jiko litafunguliwa mapema. Halafu mcheze mbele ya wote. Akikufunga kwa haki, mpelekeni akacheze na kinyozi, na msimame nyuma yake bila kunung'unika. Ukimfunga, shusha kibao chake msumari mmoja tu, si kumi, chako kikae juu yake, kisha ukamkabili kinyozi wewe, upate akili.

Na siku hiyo mzee akae karibu na meza akukosoe. Mtu mnayemwachia kila mchezo hamwezi kumuuliza mmekosea wapi, kwa hiyo mwaka mzima mmemnyima kazi aliyoipenda kuliko ushindi, ile ya kuwafundisha. Mlidhani mnamwonea huruma. Mlimstaafisha mara ya pili.

Basi mweusi ukisimama tena mdomoni mwa mfuko, uzamishe. Kisha weka fimbo chini na umgeukie. Atakupa mkono wa hongera, anao tangu mwaka jana na hajapata wa kumpa.