Nimesugua Meno Mpaka Fizi Zimekimbia

Mama Elisifa, shikamoo, nisikilize mwanao kabla sijafanya jambo. Nauza mitumba hapa Kiboriloni, na meno yangu ni ya kahawia tangu yaote, kama ya wengi huku kwetu, na sikuwahi kuona taabu mpaka Primus wa Kilema aliponichumbia, kijana mpole, anapeleka wageni mlimani, na dada zake wana meno meupe pee, basi aibu ikaniingia, shangazi akaniambia mkaa uliotwangwa na chumvi unang'arisha, nikawa nasugua asubuhi na jioni kwa mswaki mgumu kama nasugua sufuria iliyoungulia makande, damu ikitoka nafurahi nasema uchafu huo unatoka, kumbe ukahawia haukutoka hata kidogo, ila fizi zimepanda, meno ya mbele yamekuwa marefu, mizizi inaonekana, na nikinywa maji ya baridi machozi yananitoka.

Sasa send-off, sherehe ya kuniaga nyumbani, ni mwezi ujao, na unajua mambo yetu, ndafu, yule mbuzi wa kuchoma, italetwa nzima, nimlishe Primus naye anilishe mbele ya ukoo na kamera, na mimi kufungua mdomo siwezi, nacheka nikijiziba na kanga, akipiga simu ya video sipokei, na juzi kamwambia dada yake Stella kwamba anahisi nimelazimishwa na wazazi, heri asimamishe mambo kuliko kuoa mtu asiyemtaka. Mama, nampenda! Kuna fundi sokoni anang'oa na kuweka ya bandia, amesema Jumamosi atanitoa yote manne ya mbele. Niende?

Scola

Marahaba, Scola. Usiende. Hilo limekwisha, sasa tuongee.

Pole sana, maumivu hayo nayajua. Lakini wewe na shangazi yako, jamani! Ukahawia huo si uchafu. Umo ndani ya jino lenyewe, uliingia utotoni kwa maji yenye floraidi nyingi, meno yakiwa bado hayajaota. Ungesugua mpaka mswaki ubaki kijiti, usingetoka. Ulichokwangua ni ufizi, na ufizi ukichokozwa hivyo kila siku husogea. Mzizi ulioachwa wazi hauna lile gamba gumu la juu, ndiyo maana baridi inakuchoma, na hapo jino hutoboka upesi. Damu nayo ilikuwa ufizi ukiomba msaada, wewe ukaipongeza.

Huenda pia kuna ugaga, uchafu ulioganda kwenye meno, uliojificha chini ya fizi, nao huzirudisha nyuma vilevile. Hilo ataliona daktari wa meno, si mimi, na wala si huyo fundi wako na koleo lake.

Mkaa tupa. Ila usije ukaacha kupiga mswaki kwa kuogopa damu, utaharibu zaidi. Nunua mswaki laini, tumia dawa ya meno ya kawaida yenye floraidi, mkono uwe mwepesi. Usiiogope floraidi hiyo, meno yako yalishamaliza kuumbika. Kisha nenda kliniki ya meno wakusafishe na waangalie kama kuna jino linalocheza. Sikudanganyi, ufizi ulioondoka hauoti tena wenyewe, lakini unaweza kuzuiwa usiendelee, na mzizi ulio wazi una namna ya kuzibwa. Hata ukahawia daktari anaweza kuufunika. Mtu mwenye akili timamu hang'oi jino zima kwa ajili ya picha.

Ndafu isikutoe jasho, waambie wakukatie kipande laini.

Kinachonitisha mimi si meno, Scola. Kijana wa watu amekaa Kilema anaamini hapendwi, na wewe unayempenda umemwacha aamini hivyo. Alipokuchumbia alikuwa na macho, meno hayo aliyaona na akakutaka. Mfungulie mdomo, mwonyeshe fizi zako, mweleze ulichofanya na kwa nini. Utalia, lia. Kliniki hata Jumatatu hujachelewa. Kwa Primus nenda leo.