Mbuzi wa Bibi Dekha Mahakamani

Garissa, Ijumaa

Mama yangu,

Nakushika miguu kutoka huku mbali, na namwomba Mungu barua hii ikukute mzima, na goti lako limetulia. Sisi hatujambo, ila mjukuu wako Nasra amekonda kidogo, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kwenye simu ungesikia nusu, nusu nyingine ukaijaza mwenyewe kwa wasiwasi. Nakujua.

Joto la hapa, mama, mchana mji wote huwa kama unaota. Korongo wakubwa wenye vipara husimama juu ya mapaa bila kutikisika, punda husinzia wakiwa na mikokoteni yao, na mto unapita taratibu kama hauna unakokwenda. Mimi nami huota. Mume wangu Salim akiwa safarini Rhamu na lori, nakaa mlangoni na cherehani yangu, mguu unakanyaga, akili iko Lamu inanusa mkate wa mofa wa jikoni kwako. Majirani wananiita yule anayelala macho wazi.

Unakumbuka nilivyougua Nasra alipokuwa mchanga, maziwa yangu yakakauka, na ya kopo akawa anayatapika yote. Basi asubuhi moja jirani yangu Bibi Dekha, mjane wa Kisomali, alikuja anavuta mbuzi mweupe pe. Akanitia kamba mkononi. "Chukua, binti yangu. Mtoto anyonye." Akanifundisha kukamua, na nilipobana vibaya alinizaba kofi mkononi. Mbuzi nikamwita Shani, na Nasra akanona mpaka watu wakauliza namlisha nini. Kila mara Bibi alipita kumkagua masikio na kwato. Nilidhani ni mapenzi tu.

Bibi alifariki kabla ya Ramadhani. Nilimlia sana, mama, sitaki hata kuandika.

Mwanawe wa pekee, Abdinoor, yuko na ngamia nyika za Liboi. Hakuwahi maziko. Alipofika alizunguka mtaa mzima akikusanya vitu vya mama yake, na siku moja akasimama mlangoni kwangu: anamtaka mbuzi. Nikamwambia nilipewa. Nikamwambia pia, mwanamume mzima huoni haya kumnyang'anya mtoto tonge mdomoni? Aliondoka. Kilichorudi ni karatasi ya Mahakama ya Madai Madogo.

Usishtuke, si mambo ya jela. Ni mahakama ya watu kama sisi na mali isiyozidi shilingi milioni moja: mtu ameazima kitu hakurudisha, gari limeharibu mzigo wa mwenzake, hayo hayo. Unajaza fomu ya madai, mwenzako anapelekewa nakala ajibu, kisha mnaitwa. Wakili si lazima, unajisemea mwenyewe kwa lugha unayoiweza, na kesi haiachwi izeeke, sheria inataka iishe ndani ya miezi miwili. Kwanza tuliulizwa kama tunaweza kupatana nje. Abdinoor akatazama viatu vyake, mimi nikatazama korongo dirishani. Tukaingia.

Nilitarajia jumba la kutisha. Ni chumba kidogo chenye feni, na mwamuzi ni mwanamke aliyejifunga shungi jeusi, sauti yake ya chini kama anayembembeleza mtoto alale. "Mambo ya urithi yamekwisha kwa Kadhi," alisema. "Mimi nataka kujua jambo moja. Mbuzi huyu alitolewa zawadi, au aliazimwa?"

Abdinoor akasimama, Kiswahili chake cha Kisomali, p huwa b na v huwa f. "Hooyo, mama yangu, hakugawa mbuzi. Mtu hana maziwa, unambelekea mbuzi, anakamua. Mtoto akikua, mbuzi inarudi kwa mwenyewe. Kwetu ndifyo. Kila mtu anajua hii."

"Mimi sikujua," nikasema. "Kwetu mtu akikutia kamba mkononi, amekupa."

Mwamuzi akanigeukia. "Alikwambia mbuzi ni wako?"

Feni ilikuwa inazunguka, mama, na mimi nikaenda zangu kama kawaida yangu. Nilimwona Bibi waziwazi, shuka lake, vumbi kwenye ndara zake. Ningesema ndiyo, nani angenipinga? Lakini sikuweza kumtia mdomoni neno ambalo hakulisema. Nikajibu, "Hapana. Alisema mtoto anyonye."

Kwa neno langu mwenyewe nikashindwa. Mwamuzi alinipa pole, akasema desturi ya kuazima mnyama wa maziwa inajulikana na hakuna aliyesema neno zawadi, basi mbuzi arudi. Abdinoor alimchukua alasiri ile ile. Shani akamfuata bila hata kugeuka, na hilo liliniuma kuliko hukumu.

Tangu hapo Nasra anasukuma kila kikombe. Maziwa ya pakiti hayataki, uji anaulamba tu. Salim anasema nije Lamu na mtoto mpaka apate nguvu, lakini nikija, wateja wangu wa buibui watahama, na yeye atarudi safari hadi safari kwenye nyumba tupu. Nashindwa kuamua, mama. Ukisema nije, nitakuja.

Nisalimie kaka Athmani mchonga milango, na shangazi Mwanaisha mpishi wa harusi, mwambie hapa pilau wanaitia zabibu na ndizi pembeni na mimi nimeshazoea. Nisalimie na Mwalimu Shee aliyenifunza Kurani, aniombee.

Mama, karatasi nilikuwa nimeshaikunja, imenibidi niikunjue. Watu wametoka msikitini sasa hivi, na nani yuko mlangoni? Abdinoor, na Shani, na michubuko kwenye mkono wake.

"Ameninyima," akasema.

Nikaelewa polepole. Kwao wanaume hukamua ngamia, mbuzi ni wa mikono ya wanawake. Naye hana mke, hana dada, mama yake ndiye huyo tuliyemzika. Amejaribu mwenyewe, Shani akampiga mateke, akazuia maziwa. Nilicheka, mama, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kumbe kesi yote ile hakuna aliyemuuliza mbuzi.

Yeye hakucheka. "Mbuzi ni yangu," akasema.

"Ni wako."

"Inakaa kwako. Maziwa ya mtoto. Mimi nibe kikombe kimoja."

Nikachukua kibuyu, nikatia kijinga cha moto ndani, nikakitikisa mpaka kikanukia moshi kama nilivyofundishwa, nikamwaga majivu, nikakamua. Shani akatulia tuli. Nikammiminia Abdinoor kikombe, akanywa funda moja, akasita.

"Nani amekufundisha moshi huu?"

"Mama yako."

Akakaa pale pale kizingitini, akafunika uso kwa shuka. Nasra ndiye aliyemwendea, akakitoa kikombe mkononi mwake, akanywa kilichobaki chote.

Basi usinitandikie kitanda.

Mwanao,
Rukia