Figo Iliyokuwa Yangu

Jumatatu, 28 Aprili 2025

Nimenunua daftari hili Kibaoni, hapa Ifakara. Lile nililopewa na nesi Happyness wa kliniki ni la vipimo tu—mkojo, uzito, joto, kidonda. Halina safu ya kuandika kwamba naogopa.

Basi hili ni langu. Mdogo wangu Ignas, fundi mizani, ana figo yangu ya kushoto. Nilimpa mwaka 2019. Sasa ana kansa ya ngozi, nyuma ya sikio la kulia mpaka shingoni. Alizaliwa na ualbino, jua la bonde hili halijawahi kumhurumia. Tena vile vidonge vinavyozuia figo isikataliwe vinailaza kinga ya mwili, na kansa ikapata mwanya. Wamemkata mara mbili. Safari hii wamesema hapakatiki, imekaribia mishipa mikubwa.

Leo kliniki Dokta Venance wa Dar alitueleza jaribio lao. Dawa ya dripu, kila wiki tatu, kwa wenye kansa hii waliopandikizwa figo. Inaamsha kinga iile kansa. Hatari ni kwamba kinga ikiamka itaiona na figo kuwa ni mgeni.

"Kwa hiyo mnamwamsha mbwa," Ignas akasema, "halafu mnamwambia mgeni huyu usimuume?"

Daktari akacheka. Akasema kuna vidonge vya kumfunga kamba, ila hawajui kamba itashika kiasi gani. Ndiyo maana wanapima.

Ignas hakusaini! Eti figo si yake, mwenyewe aulizwe kwanza. Daktari akasema kisheria anayeamua ni mgonjwa. Ignas akajibu kwamba sheria haikulala kitanda cha jirani ikapasuliwa. Nami nimekaa hapo hapo! Nikasema nimekubali, saini. Akasema si hapa, dada. Mkaidi tangu utoto.

Alhamisi, 1 Mei 2025

Sikukuu, nimejinyoosha na khanga yangu, mara hodi. Mjomba Kasmiri, katoka Mang'ula asubuhi, shati jeupe. Nyuma yake Ignas, kofia mkononi. Shikamoo, marahaba, wakaketi. Mjomba akazungumzia mvua. Kisha ndege wanavyomaliza mpunga. Kisha tembo walioshuka kwenye mashamba. Nikajua kuna jambo.

"Binti yetu," akasema mwisho, "kijana huyu ulimpa kitu. Sasa anataka kukipeleka kwenye hatari. Tumekuja kukuomba ruhusa."

Walikuja kuomba kama watu wanaoleta posa! Nilicheka mpaka mjomba akanuna. Halafu nikamwona Ignas anatazama sakafu—Ignas, asiyekosa utani hata msibani—na kicheko kikageuka kilio.

Nikamwambia: "Nilikupa, sikukukopesha. Kasaini."

Mjomba akasema imesikika. Tukala wali na samaki wa kitoga.

Walipoondoka niliweka mkono kwenye kovu langu. Miaka sita sijawahi kujiuliza figo ile inafanya nini huko. Inafanya kazi! Mchana na usiku, ndani ya mtu mwingine, tena mkoromaji.

Jumatano, 7 Mei 2025

Tumerudi jana kutoka Dar. Dripu ilichukua nusu saa. Dawa yenyewe kama maji. Nilitegemea angalau iwe na rangi.

Ignas amehamia kwangu Viwanja Sitini ili nimpime. Jagi la mkojo: mililita 1,900. Nikalisogeza dirishani nikalitazama kama mwendawazimu. Ile ni kazi ya figo yangu.

Kupima nakujua. Miaka tisa nilikuwa mkamata mbu wa watafiti wa malaria, miguu nje watue, mrija mdomoni wa kuwavutia. Tulifundishwa kuandika namba kama ilivyo, hata kama ni sifuri, hata kama inakuudhi. Na hapa Ifakara nani hajapimwa? Kuna watoto wanajua kunyoosha kidole kitobolewe kabla hawajajua kuhesabu.

Ignas naye ana kipimo chake. Bandeji nikiitoa anaiweka kwenye mizani ndogo, anatoa uzito wa bandeji kavu. Kinachobaki ni usaha. Leo gramu 46. Anasema kitu ambacho hakijapimwa ni umbea.

Jumanne, 27 Mei 2025

Dripu ya pili jana. Bandeji gramu 47. Harufu ile ile. Usiku anageuza mto ili asilalie upande ule.

Lakini figo! Happyness anasema namba zake ni nzuri kuliko za watu wenye figo zao wenyewe. Nikajisikia fahari, nikatembea kichwa juu mpaka getini. Ndipo nikaona aibu. Mdogo wangu anaoza shingo, mimi nashangilia figo.

Jumanne, 3 Juni 2025

Nitaandika kama ilivyo.

Nilikwenda karakana kwake kutafuta mkasi. Kwenye sanduku la mawe ya mizani, chini ya jiwe la kilo mbili, nikakuta vidonge. Vile vya zamani! Vile Dokta Venance alivyomwachisha mwanzoni mwa Mei, kwa sababu vinalaza kinga mno na dripu haitafanya kazi. Aliambiwa arudishe vyote. Pakiti imetumika nusu.

Nikamwuliza. Hakukana. Asubuhi na jioni, tangu dripu ya kwanza. Mimi namwandalia uji, yeye anamlaza mbwa upya.

"Dada, figo yako ikifa nitakutazama kwa macho gani? Watu watasema nilipewa nikaitupa."

Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. "Na ukifa wewe? Itabaki wapi? Si inazikwa humo humo! Unanitunzia figo kaburini, Ignas?"

Alifuta jiwe lile la kilo mbili kwa shati, akalirudisha sandukuni, akalitoa tena.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mficha dawa hawakumjua. Mwezi mzima nimejaza daftari la Happyness namba ambazo si za kweli, mimi, mkamata mbu wa miaka tisa! Na niandike na hili kwa kuwa hakuna wa kulisoma: ndani kabisa nilifurahi kwamba alinilinda hivyo. Mungu anisamehe.

Jumatano, 4 Juni 2025

Ignas amekiri mwenyewe kliniki. Happyness akaweka kalamu chini. Hakufoka, na heri angefoka. Akasema lazima Dar wajue, na wanaweza kumtoa kwenye utafiti. Tukakaa benchi kutoka saa tatu hadi saa saba.

Kisha simu, sauti ya wazi. Dokta Venance alimhoji muda mrefu. Mwisho akasema hawamtoi, lakini kila kitu kitaandikwa kama kilivyotokea, na damu itapimwa kila baada ya siku moja. Kisha taratibu: "Mzee Ignas, ukiacha hivyo vidonge, sasa ndiyo tunaanza kweli. Lile unaloliogopa linaweza kutokea."

Ignas akasema sawa. Jioni akanikabidhi pakiti mbili zaidi. Moja ilikuwa ndani ya redio, nyingine kwenye kiatu.

Ijumaa, 20 Juni 2025

Dripu ya tatu Jumatatu iliyopita. Leo bandeji gramu 31.

Thelathini na moja! Ignas hakuamini mizani. Akaifungua, akaisafisha, akatia oili, akapima na jiwe. Mizani haina kosa.

Jumanne, 24 Juni 2025

17. Harufu imekwisha. Nimenusa mara mbili.

Jumapili, 29 Juni 2025

Gramu 6. Nimechelewa misa ya kwanza kwa sababu nilishindwa kuacha kutazama.

Niliketi naye ukumbini, dirisha wazi, bandeji imetoka. Kingo zimeingia ndani. Pale palipokuwa na shimo la kuingia dole gumba pamejaa. Nyama imara, nyekundu, na juu yake ngozi changa inatambaa kutoka pembeni, nyembamba kama utando wa uji. Jana ilikuwa haijafika kwenye ule mstari chini ya sikio, leo imeuvuka. Hakuna aliyekata, hakuna aliyeshona. Mwili wake wenyewe umeamka, ukajua adui ni yupi, ukamla! Huo mwili uliokuwa umelala miaka sita kwa ajili yangu.

Nimeishi miaka hamsini na moja. Nimeona Kilombero ikijaa mpaka mitumbwi ikafungwa milangoni. Sijaona kitu kama hiki.

Ignas akauliza natazama nini. Nikampigia picha kwa simu. Aliitazama, akaikuza, akaitazama tena. Akasema, "Huyu ni nani?" Nikampigia mjomba nimweleze, nikampa Ignas simu amalizie.

Alhamisi, 3 Julai 2025

Jagi 1,100. Juzi 1,800. Nilisubiri saa nzima, labda atakwenda tena.

Nikashika kalamu mbele ya daftari la Happyness. Nikiandika 1,100 wanaweza kusimamisha dripu. Nikiandika 1,700 nani atajua? Kalamu ilisimama muda mrefu.

Nimeandika 1,100.

Jumamosi, 5 Julai 2025

Naandikia kwenye benchi la kliniki, tunasubiri gari la kwenda Dar.

Bandeji ya leo imetoka kavu. Sifuri. Jagi ni mililita 400. Miguu imevimba, viatu vimekataa kuingia, amevaa kandambili za mwanangu. Damu ya jana: namba ya uchafu unaotakiwa kuchujwa na figo imepanda mara mbili. Mbwa ameona mgeni.

Dokta Venance amepiga sasa hivi. Njia ni mbili. Wampe dawa kali za kuilaza kinga, figo huenda ikapona, lakini dripu inasimama na kansa inaweza kurudi. Au waendelee na dripu ya nne, na figo ikifa anarudi kwenye mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, huko huko Dar. Wakati wa kungoja ni mdogo, anataka jibu kabla hatujafika.

Ignas akaninyooshea simu. "Muulize mwenyewe."

Nikaipokea. Nikasema, "Daktari, Mungu alinipa figo mbili na mdogo mmoja."

Akasema asante mama, amenisikia, lakini nimrudishie simu Ignas. Hili atalijibu yeye.

Nimemrudishia. Ameinuka, amekwenda kusimama kwenye kivuli cha ukuta ule, naona mgongo tu. Simu ameiweka sikio la kulia. La kulia! Ameibana kwa bega, ameilalia kabisa, mikono yote miwili inazungusha kofia. Tangu mwaka jana upande ule haukuweza kuguswa hata na kola ya shati, na yeye hajui hata anachofanya.

Daktari anaongea. Ignas anaitikia kwa kichwa kana kwamba wanaonana. Bado hajajibu.