Mpini Mrefu Mteremkoni

Mjukuu wangu Mghoi,

Huku Ronge tu wazima, na mama yako anavuna maharagwe. Umeuliza kwa nini situmii ile programu ya simu uliyowatengenezea wakulima.

Nilipoolewa, fundi mmoja wa Voi alituletea majembe yenye mipini mirefu. Kwake ni tambarare. Huku mteremkoni, mpini ulinidunga tumbo kila nilipolima. Nilipolalamika, akasema sijui kulima. Msimu uliofuata alipanda mlima kuja huku mwenyewe, akaketi kando ya shamba akinitazama nikilima. Hakusema neno. Kisha akaomba msumeno.

Simu uliyonitumia iko kabatini, ina chaji. Njoo uketi hapa unitazame nikihangaika nayo. Na usiseme neno.

Nyanya yako